Tumbawe Likifa, Naondoka

12 Novemba 2012

Naandika kwa sababu sina wa kumfokea. Mume wangu Sufiani yuko Ndola na lori lake, na humu ndani tumebaki mimi na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Nikiwafokea hao wanakuja mbio kwenye kioo wakidhani nimeleta chakula.

Tumbawe langu limefumba tena. Ni tumbawe laini, si lile gumu la kujengea nyumba. Lina umbo la uyoga: shina nene, kofia juu, na kwenye kofia vidole vidogo vingi vinavyochezacheza maji yakipita. Ukiligusa ni kama sikio la mbuzi. Likiwa na afya vidole vyote viko nje tangu taa inapowashwa. Sasa imekuwa siku kadhaa kofia iko tupu, imejikunja pembeni, na rangi yake ya maziwa ya chai imekuwa ya majivu.

Nieleze, maana hata mimi nikisoma baadaye nitajiuliza lilifikaje hapa. Sufiani alinioa mwaka jana akanitoa Tanga, Chongoleani, ambako bahari ikipwa tunatembea juu ya mwamba kutafuta chaza, akanileta Tunduma. Hapa kuna mpaka, malori, vumbi, baridi, na bomba linalokohoa hewa. Nilivumilia miezi michache nikamwambia narudi kwetu. Hakubishana. Alikwenda Lusaka akarudi na tangi la kioo, pampu, taa, samaki hao, kamba wadogo na konokono wa gamba wa kusafisha kioo, na hili tumbawe, ambalo walilikuza watu wa Afrika Kusini kwenye matangi yao. Mtoto wa pwani nimeletewa bahari kutoka nchi isiyo na pwani! Maji ya chumvi dereva wetu Raphaeli hunijazia kwenye madumu akishuka Dar es Salaam.

Nilipoliona limefunua vidole mara ya kwanza nililia. Kisha nikafuta machozi nikamwambia Sufiani, "Sawa, nakaa. Lakini siku likifa hili, naondoka." Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

15 Novemba

Limefumba. Vumbi. Bomba halitoi.

19 Novemba

Leo limefunikwa na utando mweupe kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Jirani yangu Ruti aliingia bila hodi, kama kawaida yake, akaja kusimama mbele ya tangi na mikono kiunoni. Huyu ni Mnyiha wa Igamba, mama mtu mzima, wote wanamwita mama Lwitiko kwa jina la mwanawe mkubwa. Ana shamba la kahawa huko kwao, na ana maoni juu ya kila kitu.

"Mdogo wangu, hiki kinaoza."

"Hakiozi, mama Lwitiko."

"Kinaoza. Angalia mafuta haya."

"Mama Lwitiko, umekuja kuomba chumvi au umekuja kunizikia tumbawe?"

Alikuwa amekuja kuomba chumvi kweli. Nilimpa, nikafunga mlango, nikakaa nikaamini kwamba linaoza.

21 Novemba

Haliozi! Lilikuwa linajivua ngozi tu. Nimesoma kwenye simu kwamba ndivyo yanavyojisafisha haya. Utando umechukuliwa na maji, na vidole vichache vimetoka upande wa dirishani. Ningempelekea Ruti habari hii lakini najua atasema, "Subiri."

27 Novemba

Amesema "Subiri" na amepatia. Nimechukia.

Shina lina mashimo. Asubuhi nililitoa na jiwe lake nikaliweka kwenye beseni jeupe la maji ya chumvi mbele ya dirisha, nikaligeuza. Chini kabisa, pale shina linaposhika jiwe, kidole kimoja kilitembea. Nilidhani macho yangu. Nikakigusa kwa kijiti kikajikunja. Ni konokono asiye na gamba, mweupe, mgongoni ana manyoya yaliyogawanyika ncha, yanafanana na vidole vya tumbawe lenyewe hata mama yake hawezi kuyatofautisha. Anakula kwa mwenye nyumba na amevaa nguo za mwenye nyumba! Nilimtoa kwa kibanio cha nyusi. Kisha nikaona mwingine. Kisha mwingine.

Nimewaweka kwenye kikombe ili Sufiani awaone akirudi. Ametoka wapi mnyama huyu ndani ya sebule iliyofungwa madirisha?

30 Novemba

Dawa inayotajwa ni ayodini: unadondoshea kwenye beseni la maji ya chumvi mpaka yawe rangi ya chai ya rangi, unalitumbukiza tumbawe kwa dakika chache, wadudu wanaachia. Nimekwenda duka la dawa pale karibu na kituo cha forodha. Kijana akaniuliza kidonda kiko wapi. Nikasema, nyumbani. Akauliza, kwa nani. Nikasema, kwa mgonjwa. Akauliza, ana umri gani. Nikaondoka nayo kabla sijamtukana.

Wameachia kweli, wakaanguka chini ya beseni wakijinyonga. Nimefurahi kupita kiasi kwa mtu mwenye dini.

4 Desemba

Mvua ya kwanza. Vumbi limekuwa tope. Tumbawe limefungua nusu.

11 Desemba

Wamerudi. Wadogo, wepesi, wengi.

Nilipekua tangi zima. Kwenye jiwe dogo lenye vijiua vya kijani, lile ambalo Sufiani alinishtukiza nalo mwezi wa kumi, kwa chini kuna uzi mweupe uliojiviringa kama pambo la keki. Mayai. Kumbe ugonjwa wote ulipandia Lusaka ukashukia sebuleni kwangu, umebebwa na mume wangu kama zawadi. Na chini ya mayai, jiwe lilikuwa na kitu kingine nilichokuwa sijakitazama vizuri: kijitumbawe laini cha aina ileile, kidogo kama kifungo cha shati, kimetafunwa karibu kiishe.

Sufiani alikuwa amerudi jana. Nilimwita.

"Hiki ni nini?"

"Ni mtoto wa hilo lako. Mwenye duka alisema litakua."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuna shingo. "Nilitaka kiwepo tu."

"Kiwepo kwa nini?"

"Wewe ulisema likifa unaondoka, Fauzia. Nikasema basi, yawe mawili. Likifa moja bado utakuwa hujaondoka."

Kwa hiyo ndiyo akili ya mume wangu. Ameogopa tumbawe lisife, akaleta cha kuliua. Nilimwambia maneno mengi, mengine siyaandiki. Nilimuuliza kama anadhani mimi ni mtu wa kuwekewa akiba. Yeye alikaa amekumbatia kikombe chenye konokono, akasema taratibu kwamba wanapendeza kidogo ukiwaangalia. Nikatoka nje kwenye mvua.

Jiwe nimelitupa, na kifungo chake.

16 Desemba

Nimetoa konokono. Mvua.

19 Desemba

Nimetoa konokono. Mvua. Sufiani amekwenda Kapiri.

24 Desemba

Nimetumbukiza tumbawe kwenye ayodini, nimekwangua mayai kwa mswaki. Ruti ameleta kande za Krismasi siku moja kabla, ili "zisigombane na biriani yako". Sikuwa na biriani. Nimekula kande zake, tamu, nikiwa nimesimama.

2 Januari 2013

Umeme hakuna tangu asubuhi. Pampu imekufa, kipasha maji kimekufa. Nimeunganisha pampu ndogo na betri ya gari. Raphaeli alipopita kuleta madumu alisema, "Mama bosi, hawa samaki wanaishi vizuri kuliko sisi madereva." Nilimwambia dereva haliwi shina na konokono usiku, kama tumbawe langu.

6 Januari

Ruti amekaa leo muda mrefu, akinitazama ninavyopekua kwa kibanio.

"Sisi kahawa ikiingiliwa tunapiga mrututu," alisema. "Ile ya bluu. Unakoroga kwenye pipa, unapuliza. Kwisha habari."

"Mrututu ni shaba, mama Lwitiko. Humu ukitia shaba vinakufa vyote visivyo na mfupa."

"Na hao konokono wana mfupa?"

"Hawana."

"Basi watakufa."

"Na tumbawe litakufa!"

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyeona kosa ni la tumbawe. Mwanamke huyu ataniua kabla ya konokono.

13 Januari

Hakuna konokono. Naogopa kuandika zaidi.

20 Januari

Hakuna konokono! Hakuna yai! Leo kofia yote imefunguka, vidole vimetoka mpaka pembeni kabisa, vingine vimepinda vinaligusa jiwe. Makovu ya shina yamejazia. Nimevuta kiti nimekaa mbele yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, sikupika, sikufagia. Nimempigia Sufiani simu yuko Lusaka nikamwambia, "Limefunguka," akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyetua gunia.

Hata mji leo haukunichukiza sana.

24 Januari

Mvua imekata, jua kali, na maji ya tangi yanapungua kwa kukauka. Chumvi haikauki, inabaki, kwa hiyo lazima nijazie maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo yanakuwa makali. Bomba hewa tupu. Maji ya paa letu hayafai, tuko kando ya barabara kuu na paa ni jeusi kwa moshi wa malori.

Saa tisa Ruti akatokea na Canter ya ndugu yake, amepanda nyuma ameshikilia pipa la plastiki la bluu. Alikuwa Igamba kwenye palizi ya mahindi. Amenikingia maji ya mvua huko, pipa zima, amesafiri nayo akiyashikilia njia nzima yasimwagike.

"Paa letu halina moshi," alisema. "Nikasema maji haya mdogo wangu atayafurahia."

Miezi yote hii namfungia mlango, naye shambani kwake anawaza tumbawe langu. Nilimpikia chai ya tangawizi. Tumekaa, tumecheka, amenisimulia alivyokimbia na jembe mkononi siku ya kwanza alipoona treni. Jioni nimejazia tangi ndoo mbili. Maji safi, hayana harufu.

27 Januari

Sijui nianzie wapi.

Juzi asubuhi kamba wangu wasafishaji walikuwa wamelala ubavu. Nikasema joto. Mchana konokono wazuri, wale wenye gamba wanaolamba kioo, waliachia wote wakaanguka mchangani. Nikasema maji yamekuwa makali, nikaongeza ndoo nyingine kutoka kwenye pipa. Naiandika hivyo ilivyo: niliongeza ndoo nyingine, kwa mkono wangu.

Jana tumbawe lilikunja vidole. Leo limelala. Kofia imeangukia pembeni, shina limelegea, lateleza vidoleni. Samaki wawili wanazunguka wana afya tele, wanaomba chakula.

Hao samaki ndio walioniambia. Kitu gani kinaua kamba, kinaua konokono, kinaua tumbawe, lakini samaki hakiwagusi? Nilikuwa nimekaa sakafuni nikijiuliza, na wakati najiuliza tayari nilikuwa najua. Nilitoka nje nikaliinamisha pipa. Chini ya mdomo wake, kwenye mkunjo ambao maji hayafiki ukisuuza, kulikuwa na mstari wa kijani cha bluu, umekauka kama masalia ya rangi ya ukuta.

Nikapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wakabweka.

Ruti alikuja akikimbia na mikono ina unga. Nikamuonyesha.

"Hili pipa mlikorogea nini?"

Aliliangalia. "La kahawa. Lakini mwaka juzi, mdogo wangu. Nimelisuuza mara tatu. Sisi tunakingia maji humu, kuku wanakunywa, tunafulia..."

"Nilikwambia shaba! Nilikwambia ulipokaa pale pale! Vinakufa vyote, nilikwambia!"

"Uliniambia nisitie dawa. Sikutia dawa."

"Umeleta pipa la dawa!"

Watu walikuwa wamesimama getini. Nilisema mengine. Nilisema kwamba huku watu hawajui kitu wanachokigusa, kwamba wanajua mahindi tu. Ruti alijifuta mikono kwenye kitenge, akalilaza pipa, likamwaga maji yote uani, akaliviringisha mpaka kwao kwa mguu. Lilikuwa linagonga mawe njia nzima. Mimi nilisimama na maji yananipita miguuni.

Halafu nikarudi ndani kufanya lililobaki. Nilikuwa na dumu moja la maji ya bahari ambayo hayajaguswa. Niliyamimina kwenye beseni. Nikachukua wembe mpya, nikatafuta pembeni mwa kofia mahali palipokuwa bado pagumu, nikakata kipande kidogo kama nusu ya kiganja. Kilitoa ute. Nilikifunga kwa uzi mweupe juu ya kipande cha kigae, nikakizamisha. Lile kubwa limeanza kunuka, nimelizika nyuma ya nyumba.

Na wale konokono uchi, kama alibaki hata mmoja, amekufa naye. Ruti alisema kweli: kwisha habari.

28 Januari

Kipande kimefumba.

31 Januari

Kipande kimefumba. Mvua imerudi, kubwa, na umeme umekatika. Nahitaji maji mapya ya bahari na Raphaeli amekwama Iringa, amepiga simu, daraja dogo limefunikwa. Beseni linapoa. Natumbukiza chupa za maji ya moto ndani ya maji, zikipoa nabadilisha. Mkaa umeniishia.

1 Februari

Nilifungua mlango wa jikoni nikakuta debe la mkaa, limefunikwa na mfuko wa mbolea lisilowe. Hakuna mtu. Nyayo zimeelekea kwa Ruti.

Nimekaa nimeuangalia ule mkaa. Nilisema wanajua mahindi tu.

5 Februari

Nimekwenda kwa Ruti. Alikuwa anachambua maharage. Nilikaa nikachambua naye. Nilisema, "Mama Lwitiko, nilikutukana mbele za watu." Akasema, "Ulinitukana." Nikasema, "Nisamehe." Akaendelea kuchambua mpaka nikadhani amekataa, kisha akasema, "Hayo mahindi unayoyasema ndiyo kande zangu ulizokula Krismasi." Nikacheka nikalia. Amenirudishia usemi wangu wote, polepole, neno kwa neno, na mimi nikakubali kila moja. Ilichukua maharage yote.

9 Februari

Raphaeli amefika na madumu. Nilitaka kumkumbatia. Alirudi nyuma.

22 Februari

Kipande kimeshika kigae. Uzi nimeukata, hakidondoki. Sufiani amerudi, amekuta nakula, nashona na kusali jikoni kando ya beseni. Alichukua chupa akaijaza maji ya moto mwenyewe.

10 Machi

Vidole! Vinne. Sufiani amehesabu, Ruti amehesabu, mimi nimehesabu.

17 Machi

Nimechoka na beseni. Nimemwaga tangi lote, nimesugua kioo, nimejaza maji mapya ya bahari. Mawe ni yaleyale. Nimesoma kwamba mawe hunywa shaba na kuitoa kidogokidogo, miezi. Lakini mawe mengine nitayatoa wapi? Tunduma hii? Nimeyasugua, nimeyaanika juani kila jua lilipotoka, nimeyasuuza hadi vidole vimekauka. Kipande nimekirudisha kwenye nyumba yake.

25 Machi

Kimefunguka. Mvua.

3 Aprili

Kimefungua nusu. Mvua.

9 Aprili

Kimefumba. Nimeangalia konokono, hakuna. Si konokono. Najua ni nini. Mawe yale, na haraka yangu, na safari hii hakuna jirani wa kumfokea.

14 Aprili

Kimelegea.

17 Aprili

Limekufa. Nimeligusa kwa kijiti likaachana kama uji. Sufiani alikuwa msikitini. Niliposikia viatu vyake barazani, mkono wangu ulizima taa ya tangi wenyewe.

"Mbona giza?" akauliza.

"Linapumzika. Usiliwashie taa."

"Sawa," akasema, haraka. "Lipumzike."

19 Aprili

Limegeuzwa nyuma ya jiwe kubwa, haliko machoni. Lakini linanuka. Nimefukiza udi sebuleni jioni. Sufiani amesema nyumba inanukia vizuri.

22 Aprili

Udi asubuhi, udi jioni. Ningelitoa, lakini nikilitoa ataona halipo. Nikiliacha linanuka. Sufiani anakaa kule mwisho wa kochi, hatazami upande wa tangi kabisa, anazungumzia ushuru wa Zambia mpaka kichwa kinaniuma. Mvua zinaisha, zimebaki manyunyu.

26 Aprili

Ruti aliingia bila hodi akiwa na kikapu cha parachichi. Akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akaenda moja kwa moja akawasha taa, akachungulia nyuma ya jiwe.

"Mdogo wangu, hiki kimekufa."

"Najua."

"Sasa mbona unakifukizia?"

Nilifunga mlango. Nilimshika mkono. "Mama Lwitiko, nakuomba. Sufiani asijue. Nilimwambia likifa naondoka. Akijua limekufa, itabidi niondoke."

Ruti alinitazama. Akakaa. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akachukua ncha ya kitenge kujifuta macho.

"Jumapili natoka kanisani, shemeji kanisimamisha njiani," alisema. "Kaniambia, mama Lwitiko, ukiingia mle ndani usije ukamwambia mke wangu lile dude limekufa. Bado hajajua. Akijua tu, ataondoka."

Alipokwenda nilibaki nimekaa palepale. Nimegeuza kurasa hizi nyuma nimejisoma. Mvua yote hii nimekuwa nikilalamika, Tunduma hivi, watu wa huku vile, naondoka, naondoka. Na siku yenyewe ilipofika, hakuna aliyenizuia mlangoni, niliogopa. Niliogopa nisije nikashikwa kwa neno langu. Nimelinda maiti siku hizi zote ili nipate kukaa katika mji ninaousema vibaya, na mtu ninayemfokea.

Sufiani alirudi baada ya magharibi. Alikuwa na pakiti ya udi, mpya. "Nimeona umekaribia kuisha," alisema, akaiweka mezani bila kuniangalia.

Nilipakua ugali na samaki. Nilimletea maji ya kunawa, nikamimina.

"Sufiani. Tumbawe limekufa."

Aliendelea kunawa. Mikono ilishatakata zamani, yeye anasugua tu.

"Lini?" akauliza.

"Unajua lini."

Maji ya birika yakaisha. Yeye bado ameikinga mikono juu ya beseni.

"Raphaeli anashuka keshokutwa," akasema. "Nimwambie akuachie nafasi mbele?"

"Mwambie aniletee maji ya bahari."

"Ya nini tena?"

"Samaki wako hai, Sufiani. Au unataka nao wafe?"

"Na wewe?"

"Mie nini?"

"Unaondoka?"

Nilimtupia kitambaa cha kujifutia. "Hebu kula. Ugali umeshapoa."

Alikula. Sijawahi kuona mtu akila ugali wa baridi kwa raha namna ile.